Barua Zinazofunguliwa Darasani

4 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako bado iko njiani, lakini naipokea mapema isije ikaganda huko. Mama yako hajambo. Goti lake la kushoto linamsumbua, naye anamsumbua daktari, kwa hiyo ujue ni mzima.

Mimi kustaafu kumenishinda. Wiki mbili za kwanza nilipanga vitabu, ya tatu nikavipangua. Ya nne nikaenda shule yangu ya zamani kuomba kipindi kimoja tu, niwaeleze wanafunzi habari za Aktiki. Miaka thelathini na moja nimeifundisha Aktiki kwa ramani ya ukutani ambayo kona yake ya juu, yaani Aktiki yenyewe, ililiwa na mchwa. Sasa nina mtoto wa dada yangu anayeikanyaga kwa miguu yake, halafu nikae nyumbani nitazame dari? Kipindi kimoja kimezaa shule sita. Wananiita Mwalimu Barafu.

Nikueleze ninavyofanya, maana barua zako ndizo kazi yenyewe. Sizifungui nyumbani. Ikifika barua naitia mfukoni hadi siku ya kipindi, nasimama mbele yao, nawaonyesha bahasha pande zote mbili, nasema, "Hii imefungwa, nami sijui kilichomo." Kisha naichana hapohapo na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Hakuna wa kusema Mwalimu ametia chumvi. Wanakaa roho juu utafikiri nafungua matokeo yao ya mtihani.

Juzi msichana mmoja kauliza: huyo mpwa wako anajuaje kwamba barafu itambeba? Nikababaika, nikasema nitamuuliza mwenyewe. Basi nakuuliza. Na usisahau dubu.

Mjomba wako

25 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na ninyi wanafunzi, hamjambo, maana naona mko chumbani pamoja nasi. Mama mwambie goti alipumzishe na daktari ampumzishe pia. Mimi ni mzima, ila jua limeshaondoka na halitarudi hadi Februari. Saa sita mchana naziona nyota. Mwili unagoma kuelewa, unazungukazunguka chumbani kama umesahau kitu.

Swali la msichana ni zuri. Kituo chetu kipo ufukweni, na vifaa vya kupimia hali ya bahari viko kilomita nne ndani, juu ya barafu. Kila asubuhi natangulia kwa miguu na kekee ndefu ya kutobolea. Kila hatua mia tatu natoboa shimo hadi maji, nashusha kipimo, naandika unene kwenye daftari, nachomeka kibendera chekundu. Mashimo ni kumi na manne. Sentimita arobaini na tano kwenda juu, gari la theluji linapita. Chini ya hapo, siku hiyo haliendi.

Nyuma yangu anakuja Dereva na gari lenyewe, akivuta sleji, yaani kigari cha kuteleza, yenye vifaa. Ni mtu mzima, ana wajukuu, anaimba vibaya na anajua. Haulizi barafu ikoje. Anauliza tu, "Daftari linasemaje?" Nikimwambia, anawasha gari. Dubu nimemwona mmoja, mbali, mgongo tu.

Mjomba, nina ombi. Kuna siku mtu anataka kuandika mambo ya nyumbani. Je, naweza kukuandikia barua ambayo haitafunguliwa mbele ya watu?

Mpwa wako

14 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Sijui, lakini nimemwambia.

Barua yako ya mashimo imewamaliza. Nilichora mashimo kumi na manne ubaoni, nikamwita mmoja awe wewe, mwingine awe Dereva akiendesha kiti. Sasa kila nikiingia darasani wananipokea kwa sauti moja, "Daftari linasemaje?" Shule mbili zimeyaandika maneno hayo ukutani kwa rangi ya bluu. Nimewaambia hivi: watu husema uongo, macho hudanganya, lakini namba iliyopimwa haidanganyi. Binti wa dada yangu anaandika namba, na mtu mwenye wajukuu anaweka roho yake juu ya namba hiyo. Mkaguzi wa elimu alikuwepo, akatoa leso, akajifuta uso. Labda ni joto, lakini mimi nimelihesabu kuwa chozi.

Sasa sikia. Tarehe kumi na nne Machi, ukumbi wa chuo cha ualimu, shule tisa, wanafunzi mia nne na vipaza sauti. Nimewaahidi barua mpya, iliyofungwa. Nitazamie kalenda ya ndege yenu ya posta nisije nikaumbuka.

Dereva anaimba nyimbo gani? Wanataka kujua.

Mjomba wako

20 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Natumaini Mama hajambo na wewe hujambo.

Baridi imefika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Upepo umekuwa mwingi. Dubu hakuna. Dereva amerudi kwao, tuna dereva mwingine ambaye haimbi.

Yale maneno ya ukutani, kama inawezekana, yafutwe. Hayana ubaya, ila naona yametosha.

Kazi ni nyingi. Nitaandika tena.

Mpwa wako

8 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako goti limepoa, sasa anatembea hadi kwangu kuniuliza kwa nini humwandikii salamu ndefu. Nami nakuuliza hivyohivyo.

Barua yako niliifungua mbele ya wanafunzi sitini na ikaisha kabla waliochelewa hawajakaa. Nikageuza karatasi kutafuta upande wa pili, hamna. Ikabidi nirudie ile ya mashimo. Wakauliza, Dereva ameondoka kwa nini? Nikasema likizo. Kisha nikakumbuka hukuandika likizo, uliandika amerudi kwao. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Una nini? Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika herufi, meza ya jikoni, penseli fupi. Najua mwandiko wako ukiwa na afya na ukiwa na homa. Huu ulikuwa na homa.

Kufuta ukutani siwezi, wamepaka rangi ya mafuta. Nami nina mia nne wa tarehe kumi na nne, mpwa wangu. Niandikie barua ndefu. Wamekusubiri tangu Desemba, na mimi nimetembea shule tisa nikisema nitakachofungua ni kikubwa.

Mjomba wako

24 Februari

Mjomba, barua hii usiisome mbele ya watu.

Sikuandika "siri" juu ya bahasha kwa sababu posta yetu inapangwa na wenzangu mezani, na ningeulizwa. Kwa hiyo naliandika hapa, mstari wa kwanza, ulione kabla ya yote.

Shikamoo. Mama mwambie nakula.

Tarehe tano Januari nilitoka kupima kama kawaida. Shimo la nane lilikuwa sentimita sitini na moja. Kwenye la tisa kekee iligoma, vidole vilikuwa havina hisia, na upepo ulikuwa unakata uso. La tisa jana yake lilikuwa sitini na mbili. Juzi yake sitini na mbili. Wiki nzima sitini na kitu. Mjomba, sikutoboa. Niliandika sitini na mbili, nikachomeka kibendera, nikaenda la kumi. Kuanzia la kumi nilipima yote.

Dereva akauliza daftari linasemaje. Nikasema linasema twende.

Chini ya la tisa mkondo ulikuwa umekula barafu. Gari lilizama na sleji yake. Yeye alitoka kupitia mlango wa juu, tukamvuta kwa kamba, mimi na mpishi wetu aliyekuwa akitembea nyuma ya sleji. Yuko hai. Vidole vinne vya mkono wa kulia viliganda, vimekatwa.

Uchunguzi ulichukua siku tatu. Waliangalia daftari. Daftari linasema sitini na mbili kwenye la tisa, na barafu ya sitini na mbili haivunjiki, kwa hiyo wakakata shauri kwamba Dereva aliacha mstari wa vibendera. Shimo lisingeweza kutafutwa, eneo lote lilivunjikavunjika. Yeye alisema, "Nilikuwa ndani ya mstari." Alisema mara moja tu. Kisha akanitazama, nami nikatazama daftari. Wakamwachisha kazi kwa uzembe, wakampandisha ndege na mkono umefungwa. Mimi nilipongezwa kwa kuvuta kamba.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama. Napima kila shimo mara mbili, mara tatu, dereva mpya anapiga honi kunihimiza. Nataka kumwambia mkuu wa kituo na kila asubuhi nafika mlangoni kwake, nauliza habari za betri, narudi. Wewe umewafundisha watoto wa shule tisa kwamba namba yangu haidanganyi. Niambie la kufanya. Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako

16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naanza na lililotokea ukumbini, kisha nitakujibu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu. Ningeweza kuifungua. Niliigusa, ilikuwa nene, nikafurahi kwa unene wake, nikaitia mfukoni kama kawaida yangu. Kesho yake nikapanda jukwaani. Mia nne, walimu wao, mkaguzi safu ya mbele. Nikawaonyesha bahasha pande zote mbili. Nikaichana karibu na kipaza sauti waisikie. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani: "Mjomba, barua hii usiisome mbele ya watu."

Ilishatoka. Baadhi wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Nikaendelea kusoma kimoyomoyo, nimesimama, na ukumbi mzima unanitazama midomo. Sijui nilisimama dakika ngapi. Mkaguzi anasema nilishika meza. Nikaikunja nikasema, "Hii ni yangu." Nikashuka.

Sasa jiweke mahali pao. Barua imechelewa, mwaka wote hadithi ni ya mtu anayetembea juu ya bahari, na mzee anasoma kimya halafu anashuka jukwaani amesawajika. Waliondoka wakisema umekufa. Habari ilimfikia mama yako sokoni, mikono yake imejaa mboga, kutoka kwa mtoto wa shule aliyempa pole. Aliacha vyote chini. Nilikwenda kwake mbio na hakuniamini, kwa sababu nilipoulizwa barua inasema nini, sikusema. Nasikia alipiga namba ya dharura ya kituo chenu mkaongea. Kwangu hajaongea hadi leo.

Sasa jibu. Nimeandika karatasi tatu na kuzichana. Hii ndiyo ya nne. Usimwambie mtu. Dereva yuko kwao na wajukuu zake, kazi ile ilikuwa karibu kumwishia kwa umri, na vidole havitarudi ukisema. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako. Ni shimo moja kati ya maelfu uliyopima kwa haki. Na kama unaniuliza mimi, nina shule tisa, na mbili kati yake zina maneno ya barua yako ukutani kwa rangi ya mafuta. Tutasema barua ilikuwa ya mambo ya kifamilia. Watasahau kabla ya mitihani.

Choma barua hii ukimaliza.

Mjomba wako

4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Mama nilizungumza naye kutoka chumba cha redio. Sauti ilikuwa inakatika. Hakuamini ni mimi. Akasema, "Sema kitu ambacho hakuna mwingine anakijua." Nikatafuta, nikatafuta, kichwa kikawa kitupu, na kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna mwingine anakijua kilikuwa kile. Nikamwambia. Mtu wa redio haelewi lugha yetu, alikuwa anakula mkate.  Mama akauliza, "Na watoto wa huyo mtu wanajua baba yao hakukosea?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi unaniongelesha mimi kwa nini?" Akakata.

Nilitoka pale nikaenda kwa mkuu wa kituo. Sikuuliza habari za betri.

Barua yako ilifika siku nane baadaye. Niliisoma nimesimama. Mjomba, nilikasirika hadi nikatoka nje bila kofia. Nilikuuliza la kufanya ukanijibu habari za rangi ya mafuta. Kisha nikaona kwamba karatasi ya nne ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Nilikuandikia wewe na sikumwandikia Mama kwa sababu nilijua utanihurumia. Kama ingefika kabla ya simu ile, ningekutii, na ningekuchukia baadaye.

Nimeondolewa kwenye barafu. Hadi ndege ya mwezi Juni nitafua nguo na kusafisha vifaa, kisha watanirudisha nyumbani, na sijui kama kuna kituo kingine kitanichukua. Ofisi imesema itarekebisha taarifa ya Dereva na kumwandikia rasmi.

Hukutakiwa kuwaficha wale watoto, na mimi sikutakiwa kukuomba uwafiche. Wasomee ile ya tarehe ishirini na nne Februari, yote, na hii. Sikuichoma yako. Nimeitia humu ndani. Isome na hiyo, pamoja na habari ya karatasi ya nne. Ukisoma zangu bila yako, basi usisome kabisa, na usiniandikie tena.

Najua hii bahasha unaifungua mbele yao. Hamjambo.

Mpwa wako

26 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Niliwaita tena wale mia nne kule chuo cha ualimu, naye alikuja ukumbini, akakaa safu ya mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani. Hatujazungumza bado ila alikuja.

Ndiyo, niliifungua mbele yao. Sikujua kilichomo, naapa, ingawa safari hii niliombea iwe nyembamba. Nilisoma hii yako kwanza. Nilipofika mahali unaposema utaacha kuniandikia, nikatazama mkaguzi, naye akatazama viatu. Nikatoa ile ya Februari mfukoni, maana siku zote nimekuwa nayo. Nikaisoma hadi mwisho. 

Kisha yangu. Mpwa wangu, nimesimama mbele ya madarasa tangu nikiwa kijana na sijawahi kuona mwandiko wangu mwenyewe ukiwa mgumu hivyo kusomeka. Nilisoma "usimwambie mtu" na kipaza sauti kikayarudisha maneno hayo kutoka ukuta wa nyuma. Nilisoma habari ya vidole. Nilisoma "watasahau kabla ya mitihani," nao ndio hao wamekaa, wananisikiliza nikisema watasahau. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu yangu. Nilimaliza hadi "choma barua hii." Niliona haya ambayo sijapata kuiona, na sikukufa.

Nikauliza kama kuna swali.  Waliokuwa wakinyoosha mikono hadi wananyanyuka kwenye viti, siku hiyo hakuna. Walimu wakaanza kukusanya watoto wao. Aliyeuliza alikuwa fundi wa vipaza sauti, mtu wa makamo aliyekuja kwa ajili ya nyaya zake tu, wala sikujua kama anasikiliza. Alikuwa anazungusha waya kwenye kiwiko. Akasema, "Mwalimu, samahani. Mmesomeana barua nyingi. Huyo dereva, kuna aliyemwandikia?"

Nikajibu kwamba ofisi itamwandikia rasmi. Akasema, "Ofisi nimeisikia. Nauliza nyinyi."

 Nimehesabu nikiwa njiani kurudi nyumbani. Tangu Januari wewe umeniandikia mimi, mimi nimekuandikia wewe, mama yako amepiga simu, mkuu wa kituo ameandika ripoti, watu mia nne wameyasikia, na yule aliyesema "nilikuwa ndani ya mstari" hajapata hata mstari mmoja kutoka kwetu. Hata jina lake sijawahi kukuuliza. Nilitaka tu nyimbo zake.

Kwa hiyo barua hii usinijibu. Muda ambao ungeutumia kunijibu mimi, mwandikie yeye, leo, kabla hujakunja nguo za watu. Usimweleze habari zangu, wala za wanafunzi, wala za baridi. Barua hiyo usiniletee nakala, na akikujibu usinisomee.

Mjomba wako